Hakuulizwa Jina

Kwenye kona ya chini, upande wa kulia wa picha, palikuwa na kidole gumba. Kilikuwa kimeshika mti uliosimamisha turubai, basi. Lakini mpiga picha, Dorothea Lange, alikiona kinachafua picha yake, na miaka michache baadaye akaagiza kifutwe kwenye negativu, ile filamu inayosafishwa kutoa picha. Kikafutwa, ila hakikuisha. Ukiinama karibu na picha iliyosafishwa baada ya hapo, utakiona bado, kama doa la maji lililokaukia kwenye karatasi.

Picha hiyo pengine umeshaiona, hata kama hukuambiwa ni ya nani. Mama amekaa, paji la uso limejaa mikunjo, vidole vya mkono wa kulia vimegusa shavu. Watoto wawili wamemwegemea mabegani na kuficha nyuso, visogo tu ndivyo vinavyoonekana. Wa tatu, kichanga, kalala mapajani. Mkono wa nguo ya mama umechakaa hadi nyuzi zinaning'inia. Ilipigwa Machi 1936 huko Nipomo, California, kwenye kambi ya vibarua wa kuvuna njegere, na hadi leo ndiyo inayotolewa kila yanapotajwa mateso ya Wamarekani wa miaka ile.

Kidole gumba kilihangaikiwa hivyo. Jina la mama halikuulizwa. Lange aliliandika jambo hilo mwenyewe mwaka 1960, bila kuficha: hakumuuliza jina wala habari za maisha yake. Alichoambiwa ni umri, miaka 32.

Nina sababu yangu ya kushikilia jambo la jina, nitaifikia. Kwanza tuone picha hizi zilitoka wapi.

Marekani ilikuwa katika Mdororo Mkuu wa Uchumi. Mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Vijijini hali ilikuwa imeharibika mapema zaidi, maana bei za mazao zilianza kuanguka tangu miaka ya 1920, kisha ukaja ukame na tufani za vumbi zilizofagia udongo wa Oklahoma, Kansas, Texas na majimbo ya jirani. Familia zilipakia magodoro juu ya magari mabovu zikashika njia ya California kutafuta vibarua. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaunda mwaka 1935 shirika la kuwasaidia wakulima, Resettlement Administration, ambalo mwaka 1937 liligeuka kuwa Farm Security Administration, yaani FSA. Ndani yake kulikuwa na kitengo kidogo cha picha, mkuu wake akiwa Roy Stryker, aliyewahi kufundisha uchumi Chuo Kikuu cha Columbia.

Kazi ya kitengo ilikuwa moja: mtu wa mjini aone kwa macho yake kwa nini kodi yake inapelekwa kwa mkulima. Magazeti yalipewa picha bila malipo. Waliokipigia picha, kwa nyakati mbalimbali, ni Lange, Walker Evans, Arthur Rothstein, Ben Shahn, Russell Lee, Marion Post Wolcott, Jack Delano, Gordon Parks na wengine. Negativu zaidi ya 170,000 zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na kwa kuwa zilipigwa kwa fedha ya umma, mtu yeyote anaweza kuzichukua na kuzichapisha. Sijui nchi nyingine iliyojitazama umaskini wake kwa ukaribu huo na kuacha ushahidi mkubwa hivyo. Ninaziheshimu picha hizi, na ndiyo maana kosa lililomo ndani yake linaniuma.

Siku ile ya Nipomo Lange alikuwa anarudi nyumbani baada ya karibu mwezi mzima barabarani. Alichoka, mvua ilikuwa inanyesha. Aliliona bango la kambi ya wavuna njegere akalipita. Aliendesha maili 20 akibishana na nafsi yake, mwishowe akageuza gari. Alikaa pale dakika kama kumi, akapiga picha chache kila mara akisogea karibu zaidi, akaondoka. Njegere zilikuwa zimeuawa na jalidi, kazi haikuwepo. Aliandika kwamba familia ile iliishi kwa mboga zilizogandia shambani na ndege waliouawa na watoto, na kwamba mama alikuwa ameuza matairi ya gari apate chakula.

Alizipeleka picha kwenye gazeti la San Francisco. Zilichapishwa mwezi huohuo, na serikali ikapeleka kambini ratili 20,000 za chakula, karibu tani 9. Hilo ni jambo kubwa, na anayemlaumu Lange bila kulitaja hamtendei haki. Mtu alishika breki barabarani, akageuza, na watu wakala.

Ila mama wa kwenye picha hakula. Chakula kilipofika yeye na wanawe walikuwa wameshahama kutafuta kazi kwingine.

Dunia ililijua jina lake mwaka 1978, miaka 42 baadaye, mwandishi wa gazeti la Modesto alipomkuta akiishi kwenye nyumba ya magurudumu. Aliitwa Florence Owens Thompson. Alizaliwa Oklahoma mwaka 1903, wakati ambapo nchi ile bado ilihesabiwa kuwa ya Wahindi Wekundu, naye alikuwa Mcherokee. Alisema anatamani asingepigwa picha ile. Hakupata hata senti moja kutokana nayo. Hakuulizwa jina. Aliambiwa picha haitauzwa na kwamba ataletewa nakala, na nakala haikuja. Habari ya matairi wanawe waliikanusha: gari lilikuwa limeharibika njiani, wanaume wameenda mjini kulitengeneza, na matairi hayakuuzwa. Pengine Lange alichanganya habari za familia mbili. Alizunguka kambi nyingi mwezi ule, na daftari lisiloandikwa jina la mtu huchanganya watu kirahisi.

Maisha yake halisi yalikuwa mapana kuliko kibanda cha turubai. Alichuma pamba tangu alfajiri kabla jua halijatoka mpaka giza likazuia macho. Alilea watoto wengi, wakakua, wakamnunulia nyumba mjini Modesto, naye akapenda zaidi nyumba yake ya magurudumu. Alipougua kiharusi mwaka 1983 familia haikuwa na fedha za matibabu. Habari ilipotangazwa, watu waliompenda kutokana na picha walituma michango ya maelfu ya dola, wengine wakifungia noti ndani ya barua. Alifariki mwaka huohuo. Mwaka 1998 uso wake ukawekwa kwenye stempu ya senti 32, na mwaka huohuo nakala moja ya picha yenye mwandiko wa Lange ikauzwa mnadani kwa dola 244,500.

Sasa sababu yangu.

Shangazi yangu alipigwa picha mwaka mmoja wa ukame, kijijini kwetu, wilaya ya Kondoa. Walikuja wageni wa shirika la misaada na gari jeupe, wakaongozana na mtendaji wa kijiji, wakapita nyumba hadi nyumba. Shangazi alikuwa ametoka shamba, kachoka, kavaa gauni la kulimia lililochanika kwapani. Walimwomba akae chini karibu na mafiga, ingawa kigoda kilikuwepo. Palikuwa na sufuria tupu pembeni. Mmoja wao aliisogeza kidogo ikaingia kwenye picha. Wakashukuru, wakaondoka. Mahindi ya msaada yalifika kijijini baadaye na kila kaya ikapata, yeye akiwemo. Baada ya mwaka na kitu, binamu yangu aliyekuwa anafanya kazi mjini akaiona picha ile kwenye kalenda iliyotundikwa ofisini kwa watu. Mwezi wa Agosti. Chini yake paliandikwa kwamba ni mwanamke wa kijijini akisubiri chakula.

Tulidhani atakasirika kwa sababu ya fedha. Fedha hakuitaja hata mara moja. Alisema, "Wangeniambia ni ya kutundikwa ukutani, si ningevaa kanga yangu?"

Aliirudia kauli hiyo kwa miaka. Nilikuja kusoma habari za Florence Thompson nikiwa mtu mzima, na nilipofika mahali panaposema wanawe waliona aibu kwa picha ile, wakitamani watu wajue kwamba mama yao hakuwa mtu wa kukaa na kusubiri, niliisikia sauti ya shangazi. Wanawake wawili wasiojuana, bahari kati yao na miaka sabini, na lalamiko ni lilelile. Wala hawakukana umaskini. Shangazi alikuwa maskini mwaka ule, sote tulikuwa. Alichokataa ni kuambiwa kwamba umaskini ndio yeye mzima.

Watu wakijadili picha za FSA hupenda kuuliza kama zilikuwa za kweli au za kupangwa. Mfano unaotolewa daima ni wa fuvu. Mwaka 1936 Arthur Rothstein alikuta fuvu la ng'ombe huko South Dakota, kwenye ardhi iliyopasukapasuka kwa ukame. Alilipiga picha, akalisogeza kama mita tatu kwenye majani, akalipiga tena. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Gazeti moja lililompinga Roosevelt likagundua kwamba fuvu ni lilelile katika picha tofauti, na kelele zikapigwa nchi nzima kwamba serikali inawadanganya wananchi.

Mimi sioni uzito wa kesi ile. Ukame ulikuwepo, ng'ombe walikufa, na fuvu halina aibu wala wajukuu watakaoliona kwenye kalenda. Wanasiasa walitoa macho juu ya mifupa iliyosogezwa hatua chache, na hakuna aliyeuliza binadamu kwenye picha za jirani wanaitwa nani. Uongo mkubwa wa picha mara nyingi hauko kwenye kupanga vitu. Uko kwenye kuchagua nani aonekane, na kumwita nani.

Hapo ndipo tumtazame Stryker mwenyewe. Alikuwa mkuu mwenye bidii, aliyewaandikia wapiga picha wake maelekezo marefu ya nini cha kutafuta wakifika kijijini. Lakini picha asiyoitaka aliitoboa. Alichukua kitobolea karatasi, kile cha ofisini, akapiga tundu kwenye negativu ili isisafishwe tena. Negativu hizo bado zipo, na zikisafishwa leo tundu linatokea kama duara jeusi. Kuna mkulima amesimama shambani na duara liko angani juu yake kama jua lililopatwa. Kuna picha ambamo duara limeangukia usoni kabisa: mtu ana kofia, ana mabega, ana mikono yenye sugu, katikati pana shimo. Wapiga picha walilalamika sana, hatimaye akaacha.

Na kuna matundu yasiyohitaji kifaa. Mwaka 1937 Stryker alimwandikia Lange kwamba akipiga picha za wapangaji wa mashamba achukue weusi na weupe, ila aweke mkazo kwa weupe, kwa kuwa hao ndio watakaotumiwa zaidi na magazeti. Hiyo ndiyo siasa ya huruma: walipa kodi walio wengi ni weupe, basi waonyeshwe mtu anayefanana na dada yao. Karibu na Clarksdale, Mississippi, Lange alikuwa amepiga picha ya mkuu wa shamba mweupe, mguu mmoja ameupandisha kwenye gari, na nyuma yake wanaume weusi wanaomfanyia kazi wamekaa na kusimama barazani mwa duka. Picha nzima inaeleza nani ana nchi na nani hana. Mwaka 1938 ilichapishwa kwenye kitabu kimoja ikiwa imekatwa: wale weusi hawapo, amebaki mzungu peke yake kama mfano wa Mmarekani huru. Tazama pia Florence Thompson alivyopokewa kwa miongo minne. Watu walimwona mama mweupe. Mcherokee aliyezaliwa kwenye ardhi iliyonyang'anywa watu wake hakuonekana, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Kama angeulizwa, sina hakika kwamba picha ingependwa vile.

Kisa cha umaskini wenyewe nacho huwa hakikai usoni. Mwaka 1933 serikali hiyohiyo ilipitisha sheria ya kuwalipa wenye mashamba wapunguze kilimo ili bei zipande. Fedha zilikwenda kwa mwenye ardhi. Aliyetakiwa amgawie mpangaji mara nyingi alimfukuza badala yake, akanunua trekta. Kwa hiyo sehemu ya watu waliokuwa barabarani hawakufukuzwa na vumbi, walifukuzwa na karatasi. Utaionaje karatasi kwenye uso wa mama? Lange alilijua tatizo hilo kuliko wenzake wote, na hapa namvulia kofia. Mumewe, Paul Taylor, alikuwa mchumi wa kilimo, na walitembea pamoja, yeye na kamera, mume na maswali. Mwaka 1938 huko Childress, Texas, alipiga picha isiyo na mtu hata mmoja: nyumba tupu ya mpangaji, na matuta ya trekta yamekuja moja kwa moja hadi kuikaribia kuta pande zote, hakuna ua, hakuna njia, hakuna mahali pa kuku kuparua. Picha hiyo inanihuzunisha kuliko ile ya Nipomo. Inaonyesha tendo na inaonyesha nani alifaidika.

Aliandika pia maneno ya watu kama walivyoyasema, chini ya picha nyingi. Alichechemea tangu utotoni kwa sababu ya polio, na aliamini kwamba watu walimfungulia mlango kwa ajili ya mguu ule. Alikuwa msikilizaji mzuri. Ndiyo maana Nipomo inashangaza: aliyezoea kusikiliza, siku alipopiga picha yake kubwa kuliko zote, hakuwa na muda. Dakika kumi hizo nazifahamu. Kila aliyewahi kutumwa kazi kijijini anazifahamu: gari linangoja, jua linazama, mtendaji ana haraka, na wewe umeshapata ulichokijia.

Kuna wanaosema jina halifai kutajwa, kwa ulinzi wa maskini mwenyewe. Hoja ina uzito. Walker Evans na mwandishi James Agee walikaa wiki kadhaa na familia tatu za wakulima weupe katika kaunti ya Hale, Alabama, kiangazi cha 1936, na maandishi yalipotoka kitabuni mwaka 1941 majina yote yalibadilishwa. Walilala huko, walikula huko, walijua nani ni nani. Walificha walichokijua. Hata hivyo baadhi ya vizazi vya familia hizo waliendelea kuumia kwamba walianikwa hadharani, kwa sababu uso haubadilishwi kama jina. Mimi nakubali jina lifichwe mwenyewe akitaka. Nisichokubali ni lisijulikane kwa sababu hakuna aliyelihitaji.

Mwaka 1942 Gordon Parks, mpiga picha mweusi wa kwanza katika kitengo kile, alifika Washington na katika siku zake za mwanzo akakataliwa huduma dukani, mgahawani na kwenye sinema. Alirudi ofisini akiwa na hasira. Stryker akamwambia akaongee na mtu mweusi mwenye umri mkubwa zaidi pale jengoni, amsikilize. Akamfuata mfagizi, Ella Watson. Waliongea kwanza. Alimweleza kwamba baba yake aliuawa na genge la wazungu, kwamba mumewe alipigwa risasi, na kwamba analea wajukuu kwa mshahara wa dola 1,080 kwa mwaka. Baada ya maongezi ndipo Parks akamsimamisha mbele ya bendera ya Marekani, fagio mkono mmoja, dekio ubavuni. Picha imepangwa kabisa, kila kitu kimewekwa mahali pake kwa makusudi, na sijawahi kuona picha ya kweli zaidi ya hiyo katika mkusanyo wote. Stryker aliogopa itawafukuzisha kazi. Parks hakuishia hapo. Wiki zilizofuata alikwenda nyumbani kwake, akampiga na wajukuu mezani, kanisani, mtaani. Tunamjua Ella Watson kwa jina tangu mwanzo, na tunajua mshahara wake, ambao mwajiri aliyemlipa ni serikali ileile yenye kitengo cha picha.

Leo kamera ziko mifukoni mwetu, na wanaopiga picha za njaa ya kwetu si wageni tu. Ni sisi, vijana wa miradi, waandishi, wachangishaji wa mitandaoni. Mfadhili anataka uso, nasi tunajua uso upi unachangisha: mtoto asiye na viatu, bibi aliyejishika tama. Nimeshamwona mtu akimwambia mtoto avue ndala kabla ya kupigwa. Ndala zilikuwa mpya, mama yake ndiye aliyezinunua, na mtoto alizivua akaziweka nyuma ya mlango, akiangalia kila mara kama bado zipo.

Mwaka juzi nilikwenda Kondoa kumpiga picha shangazi. Alinikalisha nje nisubiri. Alitoka amejifunga doti mpya, akakaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, akaniambia sasa piga. Niliisafisha studio Dodoma, nakala mbili, moja nikampelekea mwenyewe. Kabla ya kuandika makala hii nilimpigia simu kumwuliza kama nitaje jina lake. Alikataa. Alisema kijiji kizima kitasoma. Nikamwuliza kama kuna jambo lolote angependa niliandike. Akanyamaza kidogo, akasema niwaambie watu kwamba siku ile sufuria ilikuwa tupu kwa sababu watoto walikuwa wameshakunywa uji, na yeye alikuwa ameshaiosha.